Shangazi, nimwambie mtafiti kwamba tulimficha baba ugonjwa wake?

Shikamoo Shangazi. Baba alifariki miezi saba iliyopita kwa saratani ya ini, na mimi ndiye niliyemuuguza. Juzi mtafiti wa chuo kikuu ameniomba nimsimulie siku zake za mwisho. Nataka, ila naona aibu. Baba hatukumwambia ukweli. Tulimwambia ni vidonda vya tumbo mpaka anakata roho. Wiki ya mwisho alivua saa yake akanivika, akasema mkono umekonda, saa inacheza tu. Nikamjibu, "Utaivaa ukipona." Nikiyasema haya si nitaonekana mwongo? Na nikilia mbele ya mgeni?
Mwenye saa

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hapo kwenye saa nimeparudia mara tatu. Mtu anayeamini anaumwa vidonda vya tumbo hagawi saa yake. Nadhani baba alijua, nawe ulijua kwamba anajua. Mwaka 1965 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walioshinda mawodini wakiangalia watu wanavyokufa, waliliandika jambo hilihili. Kuna mgonjwa asiyejua kitu, kuna anayeshuku, kuna ambaye yeye na wanaomuuguza wote wanajua lakini kila mmoja anajifanya hajui, na kuna wanaozungumza waziwazi. Ninyi mlianzia pa kwanza mkaishia pa tatu. Mtafiti anayeijua kazi yake hatakuita mwongo. Kisa kama chako ndicho kilichomtoa kwake.

Nami niliwahi kuifanya kazi hiyo ya kuhoji wafiwa. Mama mmoja alizungumza saa nzima habari za mto wa kulalia tu, jinsi alivyokuwa akiugeuza upande wa baridi ili mumewe apate usingizi. Mimi, kwa ujinga wangu, macho kwenye karatasi ya maswali, nangoja afike kwenye kifo. Nilipozima kinasa sauti na kusimama kuaga, ndipo akaniambia mlangoni: usiku ule alikuwa amechoka, hakuugeuza. Ilibidi nirudi siku nyingine kumwomba ruhusa ya kuliandika hilo, maana kwangu ridhaa yake iliishia pale taa nyekundu ya kinasa ilipozimika. Alikubali.

Kwa hiyo maneno usiyapange. Wala usijipime kwa zile hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kubembeleza, huzuni na kukubali) ambazo watu huzitaja msibani. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa. Kama leo unacheka na kesho umejifungia chumbani, watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut wanasema ndivyo mfiwa anavyokwenda: mara kwenye uchungu, mara kwenye shughuli zake, na kurudi tena.

Ukilia, lia. Kinasa sauti kitasimamishwa, utakunywa maji, utaamua kama mnaendelea au basi. Fomu ya ridhaa ndiyo usiisaini mbiombio. Uliza nani atasikiliza sauti yako na itafutwa lini. Swali usilolitaka, liruke. Ukitaka kujitoa katikati, jitoe, na sababu si lazima useme.

Jina la baba watalibadilisha, lakini saa itabaki saa, na nduguzo wataitambua. Mwambie mtafiti aandike miwani badala ya saa. Au, kama wao hawajui kwamba ulipewa vile, wasimulie kwanza, kabla hawajakutana nayo kwenye ripoti.