Kichujio cha mwani kikigoma, shika ndoo kabla ya pochi

Januari mawe ya kwenye tangi langu la samaki wa baharini yaliota nywele. Nywele za mwani, za kijani, ndefu kama kidole, zinapepea kwa raha zote. Kule chini kwenye kichujio cha mwani, ambako ndiko zilitakiwa ziote, palikuwa na utelezi wa kahawia tu, kama ule wa kwenye pipa la maji lililosahaulika nyuma ya nyumba.

Tangi lenyewe ni la lita 300, liko sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam. Lina matumbawe laini, kangaja mmoja na samaki wengine wadogo. (Wanaoniuliza kila mara: matumbawe niliyanunua kwa mtu mwenye vibali anayeyakuza kutoka kwenye vipande. Usiende visiwa vya Bongoyo au Mbudya kubeba jiwe. Kule ni hifadhi.)

Kwa ambaye hajawahi kukiona, kichujio cha mwani ni kama shamba dogo. Pampu inapandisha maji ya tangi mpaka kwenye bomba lililopasuliwa upande wa chini, nayo yanashuka kama pazia pande zote mbili za neti ya plastiki iliyokwaruzwa, huku taa kali zikiimulika. Mwani unaota hapo, unakula nitreti na fosfeti zinazotokana na mavi ya samaki na mabaki ya chakula, halafu wewe unaukwangua na kuutupa. Uchafu umetoka nao. Mtaalamu aliyebuni mpango huu, Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian kule Marekani, alipewa hataza mwaka 1982. Alichofanya ni kuiga mwamba wa baharini, ambako kangaja na wenzake wanashinda wakiguguna majani mafupi yanayoota upya kila siku. Ushindani uliopo ni wa makazi. Neti ikiwa pazuri kuliko mawe, mwani unahamia kwenye neti. Isipokuwa hivyo, unabaki kwenye mawe.

Mimi nilijiambia shida ni mwanga. Nikaenda Kariakoo nikanunua taa nyekundu za kukuzia mimea, zenye nguvu mara mbili ya zile za mwanzo. Baada ya wiki mbili ule utelezi wa kahawia ukaisha, mahali pake pakaota kitu cha njano, kinavutika kama chingamu iliyotafunwa. Nywele za kwenye mawe hazikupungua hata moja. Nikamgeukia mwanangu wa mwisho, ambaye nilijua anawapa samaki uduvi kwa siri akitoka shule. Nikafunga kopo la uduvi kabatini. Nywele ziko palepale. Mke wangu akauliza kwa upole ile taa ilikuwa shilingi ngapi, nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari.

Kilichonifumbua macho ni ndoo ya lita 10. Mwenzangu mmoja mfugaji wa samaki wa tangi aliniuliza neti yangu inapata maji kiasi gani, nikamjibu kwa kujiamini: lita 2,000 kwa saa, pampu imeandikwa. Akacheka. Namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Yangu inasukuma maji zaidi ya mita moja kwenda juu, kupitia mpira mwembamba na viungo viwili vya kona. Basi nikatoa neti, nikakinga ndoo chini ya ule mpasuo, nikawasha saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 72.

Piga hesabu. Lita 10 kwa sekunde 72 ni lita 500 kwa saa. Kanuni wanayoifuata wengi wenye vichujio hivi ni takriban lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa neti. Neti yangu ilikuwa na upana wa sentimita 25, kwa hiyo ilihitaji kama lita 1,250. Nilikuwa naipa chini ya nusu, halafu nikaiongezea jua! Maji yakishuka kidogo hayafuniki neti yote: yanachagua njia zake, sehemu nyingine zinabaki na unyevu tu, na mwani ulioko hapo haupati chakula cha kutosha kwa mwanga unaoupiga. Ile chingamu ya njano ilikuwa inanieleza hivyo tangu mwanzo.

Nikafungua pampu. Ndani kulikuwa na konokono watatu wadogo, na lile gurudumu linalozunguka lilikuwa limevaa ukoko mweupe wa chokaa. Nililoweka vipande vyote usiku kucha kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, asubuhi nikasugua kwa mswaki wa zamani. Nikabadilisha mpira nikaweka mpana, kona mbili nikazitoa. Ndoo ikajaa kwa sekunde 45, yaani lita 800 kwa saa. Bado hazifiki 1,250, na pampu mpya nzuri si bei ya kuchezea. Ndipo nilipofanya kitu ambacho hakikunigharimu hata senti: nilichukua mkasi nikaipunguza neti mpaka sentimita 16, na mpasuo wa bomba nikauziba upande mmoja ulingane nayo. Shamba dogo lenye maji linazaa kuliko shamba kubwa kavu. Taa nazo nikazirudisha nyuma kidogo.

Siku ya tisa nikaona kijani. Wiki ya tatu nilikwangua donge la kujaa kiganja.

Kwa hiyo ukiona kichujio kimegoma, usikurupuke kununua kitu. Tazama rangi kwanza. Utelezi wa kahawia kwenye neti mpya ni kawaida kabisa, uvumilie wiki tatu au nne, ukwangue, urudishe neti. Ukiona weusi au kahawia nzito kwenye neti ya siku nyingi, mara nyingi chakula kimezidi mwanga: taa zimechoka, au kioo chake kina chumvi (kifute, nimeona watu wakibadilisha taa nzima kwa sababu ya chumvi!). Njano inayovutika ni kinyume chake, mwanga umezidi kile ambacho maji yanaleta. Ukiona ukijani upande mmoja tu, angalia mpasuo, kwani mwani hupenda kuota mpaka ndani yake na kuuziba. Mimi napitisha kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake kila ninapokwangua, na bomba nimelifunika juu lisipigwe na taa.

Na usidanganywe na kipimo cha fosfeti kinachosoma sifuri huku mawe yana nywele. Nywele zile zinaila fosfeti kabla haijafika kwenye kichupa chako cha kupimia.

Kuna jambo jingine lililonichelewesha, nalo ni la hapa kwetu. Kwa joto la Dar la Desemba hadi Machi ninaweka feni ndogo ipulize juu ya maji, tangi lisichemke. Inasaidia, ila inakausha kama lita tano kwa siku. Maji yanayoruka ni matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unafidia kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nilikuwa nafidia kwa maji ya kisima. Siku moja, kwa udadisi tu, nikayapima kwa kipimo kilekile cha tangi: nitreti miligramu 20 kwa lita. Lita tano kwa siku ni miligramu 100, kwa mwezi ni 3,000, ukizigawa kwenye lita 300 ni ongezeko la miligramu 10 kwa kila lita kila mwezi. Yaani nilikuwa nimeajiri mwani uchote uchafu, huku mwenyewe naumwaga kwa ndoo mlango wa nyuma. Sasa natumia maji yaliyosafishwa ya madumu, na kila duka jipya napima dumu la kwanza kabla ya kuliamini. Maji ya bahari ya kubadilishia nafuata Kigamboni, bamvua, maji yakiwa yamejaa, na masika nikiona mvua imepiga siendi kabisa. Mto Msimbazi ukimwaga tope lake pale Selander, hata rangi ya bahari inakukataza.

Kukwangua nako kuna adabu yake. Kila siku saba hadi kumi, neti itoke, ikwanguliwe kwenye sinki chini ya maji ya bomba. Hayo maji yasiyo na chumvi yanaua vijidudu wanaoguguna mwani ukingali mchanga. Usiisugue mpaka ing'ae, acha kitu cha kuotea. Na usipitilize. Desemba ya mwaka juzi nilisafiri kwenda Moshi wiki tatu, nikidhani mwani mwingi ndiyo ufanisi. Mwani ukinenepa, tabaka la ndani halipati mwanga, linakufa, linaachia neti. Nilirudi nikakuta nusu ya shamba imeanguka ndani ya maji inaoza, na kila kilichokuwa kimevunwa kimerudishwa. Mama alipoona ninavyotupa donge langu la kila wiki alinishangaa: Unguja watu wanauza mwani, wewe unatia kwenye pipa la taka. Sasa nalisuuza chumvi vizuri, linaenda kwenye mboji ya mchicha wake.

Taa za kichujio zinawaka saa 18, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa nne asubuhi. Mchana wa Dar una joto la kutosha bila msaada wangu, na usiku, taa za juu zikiwa zimezimwa, mwani unakula ile hewa ya kaboni inayoshusha pH, yaani inayoyatia maji asidi.

Umeme ukikatika, kumbuka maji yote yaliyoko kwenye mabomba yanarudi tangi la chini, lile lenye pampu. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia maji tangi la juu, chini kidogo ya uso wa maji ya tangi hilo, ili livute hewa na kukata mvuto. Kisha zima umeme kwa makusudi, ukiwa nyumbani, ukiwa na tambara la deki mkononi, uone maji yanaishia wapi. Mimi niliona saa nane usiku, tundu likiwa limezibwa na konokono, zulia likiwa limelowa. Neti yenyewe haifi haraka, inyunyizie maji ya tangi kila baada ya saa moja isikauke.

Siku hizi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni ya ndoo. Juzi ilijaa kwa sekunde 53 badala ya 45. Sikusubiri mawe yaote tena. Nilifungua pampu palepale, nikawatoa konokono wawili.