Hozi ya oili chini ya turbo ya Subaru Forester

Kaka, kama turbo imeshakaa na hozi ya kurudisha oili chini yake haiingii, fungua nati za turbo uinyanyue. Hakuna njia nyingine nzuri. Anza na hozi: valisha mpya kwenye paipu ya chini, paka oili ndani, klipu zote mbili ziwemo tayari, masikio yake ya kubana yakielekea upande ambao koleo litafika. Kisha shusha turbo taratibu huku unapapasa kwa vidole, maana macho hayafiki pale. Nati zote zianze kwa mkono kabla hujakaza hata moja. Mimi niliwahi kukaza mapema, hozi ikajikunja, nikafungua kazi yote upya. Nati ikidondoka kwenye soketi, ibandike kwa grisi.

Paipu ya kuleta oili ifungwe na washa mpya za shaba pande zote mbili za jicho la paipu, pale bolti inapopita. Injini nyingi za Subaru aina ya EJ zenye turbo zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya paipu hiyo upande wa injini, nyuma ya silinda hedi ya kulia. Kikiziba, turbo mpya inakufa kwa kukosa oili, kwa hiyo tafadhali kiangalie.

Kabla ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la kuingilia oili la turbo, toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, piga stata mara kadhaa oili ifike kwanza.