Gesti ya bei nafuu Varanasi: ghati kwanza, chumba baadaye

Ukiandika Varanasi kwenye programu za kuhifadhi vyumba, utaletewa picha za vitanda. Kitanda kiache kwanza. Mji mkongwe umekaa ukingo wa magharibi wa mto Ganga, na ukingo huo umejengwa ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Ziko zaidi ya 80, kila moja na jina lake, na wenyeji huziita ghati. Nyuma ya ghati ni vichochoro ambavyo gari haliingii, bajaji haiingii, na pikipiki inapita kwa kupiga honi na kugombana na ng'ombe. Kwa hiyo anwani ya kweli ya gesti ni ghati iliyo karibu nayo. Mwulize mwenye gesti kabla hujalipa: ni ghati gani, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Mwenye sanduku la kilo 23 hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kusini kabisa kuna Assi Ghat. Barabara inafika karibu, chuo kikuu cha Banaras Hindu University hakiko mbali, na mahali penyewe pana nafasi ya kupumua. Ukisafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, mpangie huko. Katikati ni Dashashwamedh Ghat, penye ibada ya taa kila jioni, kengele, vipaza sauti na umati usiopungua. Ukilala hapo uko karibu na kila kitu, kelele zikiwemo. Kati ya hizo mbili, nyuma ya Kedar Ghat na jirani zake, kuna kichochoro kirefu kinachoitwa Bengali Tola. Gesti ndogo zimejaa humo, na kwa mgeni wa mara ya kwanza ndipo tunapopapendekeza: Dashashwamedh unafika kwa miguu, lakini usiku unalala.

Kaskazini ya Dashashwamedh ni Manikarnika Ghat, ambako maiti huchomwa usiku na mchana. Harishchandra Ghat, upande wa kusini, ni ya kazi hiyohiyo ingawa ni ndogo zaidi. Vyumba vilivyo jirani na ghati hizo huwa rahisi, na urahisi huo una sababu: moshi unaingia dirishani, nguo zilizoanikwa juu ya paa zinashika majivu, na misafara ya mazishi hupita kichochoroni saa yoyote ikiimba. Ukikaa huko, kamera iache chumbani, maana pale watu wako msibani. Na yule atakayekuja kukuomba mchango wa kuni za kuwachomea maskini, mara nyingi kuni zenyewe ni mfuko wake.

Chumba kinachotazama mto ndicho kila mtu anakitaka, na hakifai mwaka mzima. Ghati zinatazama mashariki, na ng'ambo ya mto ni mchanga mtupu usio na kivuli. Mwezi wa Mei na Juni, joto likipita nyuzi 40, jua hupiga dirisha lile tangu alfajiri. Chumba cha juu kabisa nacho kinabeba paa la zege lililochomwa kutwa nzima, likaendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Msimu huo chukua ghorofa ya chini au ya kwanza, upande wa uani. Desemba na Januari mambo yanageuka. Usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, ukungu hukaa hadi mchana, na vyumba vya bei hii havina hita ya hewa. Hapo taka ghorofa ya juu yenye jua, na omba blanketi mbili mapema, kwa sababu za akiba hugawiwa kwa aliyewahi. Kuanzia Julai hadi Septemba mto hufura, ghati za chini huzama na mashua huzuiwa. Vyumba vya chini hunuka uvundo, na katika mafuriko makubwa maji huingia hadi vichochoroni.

Suala la kupoza chumba linawapotosha wengi. Kuna chumba chenye pangaboi tu (wao husema pankha, na masikio yako yatalitambua), kuna chenye kiyoyozi, na kuna cha katikati chenye sanduku kubwa la bati dirishani, ndani yake feni na pedi za majani zinazoloweshwa maji. Sanduku hilo hupoza kwa kukausha maji hewani. Aprili na Mei hewa ikiwa kavu hufanya kazi vizuri ajabu, kwa bei ndogo. Julai hewa imeshajaa unyevu, maji hayakauki, na unachopata ni upepo wa jasho. Kwa hiyo mtu akikuuzia chumba hicho msimu wa mvua kwa kusema "kina ubaridi", lipa bei ya pangaboi.

Kwa chumba cha watu wawili chenye bafu ndani na pangaboi, tarajia rupia 800 hadi 1,500 kwa usiku. Kiyoyozi huongeza mia kadhaa. Kitanda katika bweni ni kama nusu ya hapo. Bei hizi hazihesabiki wakati wa Dev Deepawali, sikukuu ya mwezi mpevu wa Kartik (mwezi wa kalenda ya Kihindu) inayoangukia mara nyingi Novemba, ghati zote zikiwashwa taa. Siku hizo vyumba vya mtoni huuzwa mara kadhaa ya bei ya kawaida na huisha wiki nyingi kabla.

Kabla ya kuweka advansi, piga simu uulize kama wanapokea wageni wa nje. Sheria ya India inaitaka kila nyumba ya kulala wageni imwandikishe mgeni wa kigeni kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu iliyokuwa ikiitwa Fomu C, ambayo tangu 2025 ni Fomu III. Gesti nyingi ndogo hazijajisajili kwenye mfumo huo, na programu ya kuhifadhi vyumba haitakuambia. Unafika saa tatu usiku, karani anaangalia pasipoti, anatikisa kichwa, na chumba ulichokilipia si chako. Hata mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki anayesoma Pune na kuishi India miaka mitatu anaandikwa fomu hiyohiyo. Beba nakala nne za ukurasa wa picha wa pasipoti na nne za viza. Mashine ya kutoa kopi iko mtaa wa pili, na karani atakutuma wewe.

Kufika ni kazi yake. Uwanja wa ndege uko Babatpur, kilomita 25 hivi kutoka ghatini. Kwa treni kuna stesheni nne za kuangalia kwenye tiketi: Varanasi Junction (wenyeji huiita Cantt); Banaras (iliyokuwa ikiitwa Manduadih); Kashi; na Pandit Deen Dayal Upadhyaya, ile Mughalsarai ya zamani, iliyo ng'ambo ya mto na mbali na mji. Mwambie dereva jina la ghati, au njiapanda ya Godowlia ikiwa unalala katikati. Jina la gesti usilitaje. Ukilitaja utaambiwa imefungwa, imejaa au imeungua, kisha upelekwe kwingine ambako kamisheni ya dereva inawekwa juu ya bei yako. Dalali kwa Kihindi ni dalal, neno lilelile na kazi ileile. Jingine la kuangalia ni majina: gesti moja ikipata sifa, kichochoro kizima huota majina yanayofanana nayo. Omba picha ya mlango kwa WhatsApp, na mwombe mwenye gesti atume mtu akupokee mahali penye alama inayojulikana. Wengi hufanya hivyo bila malipo.

Ramani ya simu haitegemeki vichochoroni. Nyumba ni ndefu na zimebanana, setilaiti haionekani, na alama ya bluu inaruka ukuta hadi ukuta. Dawa yake ni kushuka hadi mtoni, kutembea juu ya ghati huku ukisoma majina yaliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na kupanda tena kwenye ghati yako. Hata ukizunguka mbali, hutapotea. Msimu wa mafuriko njia hiyo haipo, ndiyo maana mgeni wa Agosti anahitaji mtu wa kumpokea zaidi ya mgeni wa Februari.

Sasa chumba. Hela ibaki mfukoni mpaka umemaliza, na kazi hii huchukua dakika kumi. Kwanza washa hita ya maji, kwa sababu ndiyo inayochukua muda. Wao huiita geyser, na hulitamka jina hilo karibu sawa na "giza" letu, na umeme ukikatika jina linatimia: betri ya akiba ya gesti hubeba taa na pangaboi, haibebi hita wala kiyoyozi. Swichi yake huwa nje ya bafu, kubwa, yenye taa nyekundu. Tangi la lita 15 wakati wa baridi linahitaji dakika 20 hadi 25 ndipo maji yachemke ipasavyo, na yakichanganywa na ya baridi yanatoa ndoo mbili. Karani akisema "garam pani" (maji ya moto) ipo saa 24, mwulize kama ni hita ya chumbani kwako au ni ndoo inayoletwa kutoka jikoni. Yote mawili huitwa hivyo. Zima swichi kabla hujaingia kuoga. Nyaya za nyumba kongwe hazina uhakika wa kuunganishwa ardhini, na maji ya moto hayapungui kwa dakika chache ulizozima.

Wakati maji yanapata moto, inua shuka upande wa kichwani, geuza ukingo wa godoro, na pitisha tochi ya simu kwenye mshono. Vidoti vyeusi kama wino uliodondoka ni kinyesi cha kunguni. Ukiviona usiombe shuka mpya, omba chumba kingine, tena kisichopakana na hicho. Angalia dirisha: liwe na nondo au wavu mzima. Hapa swali ni nyani kuliko mwizi wa kibinadamu. Wanaingia, wanafungua begi, wanaondoka na miwani. Juu ya paa usiache simu, chakula wala nguo ndogo.

Bafu likinuka maji machafu, mara nyingi si uchafu. Tundu la sakafuni lina kona ya bomba inayopaswa kukaa na maji ili kuziba harufu ya mtaroni. Chumba kikikaa wiki kadhaa bila mtu, maji yale hukauka na harufu hupanda. Mimina ndoo moja polepole tunduni, funga mlango, rudi baada ya robo saa. Harufu ikiwa bado ipo, tatizo ni la nyumba, hama. Vuta maji ya choo, fungua bomba uone nguvu yake, kisha ingia ndani ujifungie. Milango mingi ya zamani ina komeo la chuma na hufungwa nje kwa kufuli la gesti, ambalo funguo zake hujui ziko kwa nani. Kufuli dogo la kwako hugharimu rupia mia moja au mbili sokoni na linatosha.

Plagi za Kenya, Uganda na Tanzania zenye miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za India, ambazo ni za matundu ya duara. Umeme wenyewe ni ule wa voti 230, kwa hiyo unahitaji adapta tu. Chaja ya simu yenye vijiti viwili vya duara inaingia bila shida, na kila soketi ina swichi yake pembeni. Nusu ya malalamiko ya "soketi mbovu" ni swichi isiyowashwa.

Malipo yaandikwe kwenye risiti siku kwa siku. Uliza kama kodi imo ndani ya bei: tangu Septemba 2025, GST (kodi ya bidhaa na huduma) ya vyumba visivyozidi rupia 7,500 kwa usiku ni asilimia 5, na gesti isiyosajiliwa kwa kodi hiyo haina haki ya kuitoza. Anayeitoza awe na namba ya GST kwenye risiti. Noti ya 2,000 usiipokee kama chenji, ilianza kuondolewa mwaka 2023. Jaza mfuko noti za 10, 20 na 50, maana noti ya 500 kwa mwenye mashua wa asubuhi ni ugomvi. Uliza pia siku inahesabiwaje. Gesti nyingi hutoa wageni saa sita mchana bila kujali uliingia saa ngapi. Baadhi huhesabu saa 24 tangu uandikwe kitabuni. Treni za usiku kutoka Delhi nyingi huingia asubuhi, kwa hiyo tofauti hiyo inaweza kuwa siku nzima ya fedha. Kwenye mfumo wa saa sita, omba uweke begi mapokezini na uoge bafu la pamoja.

Nyama, mayai na pombe havikubaliwi katika gesti nyingi za karibu na mahekalu, na mwenye nyumba atasikia harufu kabla hujafunga mlango. Maji ya kunywa nunua chupa na ukague kifuniko kama hakijakatwa.

Ukiwa na ndege ya asubuhi, jioni ya kuamkia siku hiyo panga namna utakavyotoka. Saa kumi alfajiri lango la nje la gesti limefungwa kwa kufuli, mlinzi amelala nyuma yake, na mbwa wa kichochoroni wameamka. Mwambie karani akupe jina la mtu atakayekufungulia, lipa kila kitu usiku, na mpe dereva miadi ya barabarani, sio mlangoni. Ongeza dakika 20 za kubeba mzigo kwa miguu, na Januari ongeza saa nzima ya ukungu.