Barua kwa mwanangu: anarudi nyumba ileile

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa na mama yako, akacheka alipokusikia unagombana na kondakta katikati ya swali. Swali lenyewe halikumchekesha. Ulisema: "Baba, hao watoto unaokaa nao saa nzima, wakitoka kwako wanarudi nyumba ileile, kwa watu walewale. Sasa hapo unatibu nini?" Ukaongeza kwamba fomu ya kusomea saikolojia tiba Muhimbili umeijaza nusu, na hutaimalizia mpaka nikujibu.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu ningekujibu kama ninavyowajibu watu msibani wakiniuliza mwanasaikolojia wa watoto anafanya kazi gani: "Nakaa na watoto wenye shida, tunaongea." Wao huitikia "ahaa" na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kahawa.

Nianze kwa kukubali nusu ya maneno yako. Wanarudi kweli nyumba ileile, na mwaka wangu wa kwanza jambo hilo lilinifunza kwa aibu. Nilikuwa nimetoka wodi ya watu wazima, nikidhani mtoto ni mgonjwa kama wale wengine ila mfupi. Akaletwa binti wa miaka 12 aliyekuwa analelewa na ndugu baada ya kufiwa. Akaniambia kwamba pale nyumbani chakula chake kinapimwa, cha watoto wa mwenye nyumba hakipimwi. Jioni ileile nikampigia simu mlezi wake, nikamweleza yote kwa upole, nikajiona fundi. Wiki iliyofuata binti alikuja na shavu limevimba. Akanijibu "ndiyo" na "hapana" mpaka muda ukaisha, na hakurudi tena. Nilipaswa kwenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilijidanganya kwamba sina hakika limevimba kwa nini.

Tangu hapo neno la mtoto halitoki chumbani kwangu kabla sijamwuliza tulitoeje, kwa nani, na lipi libaki. Na siku ya kwanza kabisa namwonyesha mpaka: ukiniambia unaumizwa, au mtu anakushika vibaya, au unataka kujidhuru, hilo sitalificha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa, achilia mbali mimi ninayelipwa kujua. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna simu 116 ya bure. Kwa watoto wa namna hiyo jibu la swali lako ni fupi: nyumba ileile hawarudi, angalau kwa muda. Lakini hao si wengi wa ninaowaona. Wengi wana nyumba ya kawaida kabisa, yenye watu wanaowapenda, na bado wanaugua.

Ngoja nikusimulie mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa, hata mama yake akisoma hatamtambua.

Mvulana wa miaka 9, kutoka huku juu mlimani. Kila Jumatatu alfajiri tumbo linamshika, saa tano limeachia. Alishapimwa choo, mkojo, malaria, homa ya matumbo, alishapigwa na picha. Dawa za minyoo alikunywa mpaka bibi yake akasema hao minyoo nao watakuwa wamechoka. Kanisani alishaombewa. Shuleni walimwandika mtegaji. Hapo ndipo daktari mmoja mwenye busara akawaandikia waje kwangu, na mama kwa kuona haya akamwambia mtoto wanakwenda kupimwa macho. Akaingia kwangu kaziba jicho moja kwa kiganja, anatafuta ukutani zile herufi za kusoma. (Karibu wote hudanganywa namna hii. Hakuna mzazi anayetaka kumwambia mwanawe "tunakwenda kule kwa vichaa," na ndiyo jina watu wanalotupa.)

Mtoto wa umri huo ukimwuliza "una mawazo gani?" anakuangalia tu. Kwake mawazo yako tumboni. Basi mimi nina kopo la maziwa ya unga lililojaa visoda, vile tulivyokuwa tunahesabia darasa la kwanza. Nikamwambia: nipangie watu wa kwenu. Mama akamweka katikati ya meza. Dada yake pembeni. Baba akamweka kwenye kizingiti cha dirisha, kwa sababu ni dereva wa lori na yupo nyumbani Jumamosi na Jumapili tu. Nikamwambia: haya, sasa ni Jumapili usiku. Akamrudisha baba mezani, karibu na mama. Kisha akachukua kisoda chake mwenyewe akakisimamisha kwa ukingo katikati yao. Kikaanguka. Akakisimamisha. Kikaanguka tena. Mara nne, ulimi umetoka nje kama anayetunga sindano. Nikauliza: na Jumatatu asubuhi? Akakichukua akakifunika juu ya kisoda cha mama.

Ilichukua siku mbili nyingine kupata maneno. Jumapili moja usiku wazazi waligombania hela ya ada, mama akamwambia baba, "Ukirudi safari hii utakuta nimeondoka." Mtoto alikuwa macho. Jumatatu asubuhi baba ameondoka na lori, mama amebaki, na yeye anatakiwa aende shule amwache? Tumbo likauma. Wala hakuwa anaigiza, usije ukadhani hivyo. Tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kama tumbo lingine lolote.

Nikamwuliza: hili nimwambie nani? Akafikiri, akasema mama ndiyo, baba hapana. Mama yake aliposikia alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Lile neno nililisema mara moja tu."

Kazi tuliyoifanya ukiitazama utaiona ndogo. Kila Jumapili kabla ya kulala mama alimwambia mtoto maneno yaleyale: kesho ukirudi saa tisa utanikuta hapa jikoni. Na kweli awepo jikoni, hata kama kuna msiba kwa jirani. Mwalimu alikubali kwamba tumbo likimshika asirudishwe nyumbani, apewe maji ya moto akae nalo darasani. Jumatatu ya kwanza alitoroka saa nne akaja kuchungulia kama mama yupo. Alipomwona akarudi shule kwa miguu yake mwenyewe. Mwalimu alitaka kumchapa, mama akampigia simu.

Baba alikuja wiki ya tano, kwa amri ya babu, akaanza na "mimi sina kichaa." Kufikia hapo mtoto alishaniruhusu. Nikampa baba kopo: nipangie nyumba yako Jumapili usiku. Akapanga harakaharaka, yeye na mkewe sebuleni, watoto huko chumbani. Kisoda cha mwanawe akakilaza chali. "Huyu saa mbili amelala." Mtoto alikuwa amekaa pale pale. Akanyosha mkono bila kumwangalia mtu, akakitoa kisoda chake chumbani, akakisimamisha katikati ya baba na mama. Kikaanguka. Baba ndiye aliyekiokota.

Yaliyobaki sikuyafanya mimi. Yule babu alisema mambo ya hospitali ni mazuri, ila mwanamke ametukanwa na kwao wamesikia. Akakata isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, akampeleka mwanawe kwa wakwe. Unajua kwetu anayekuja na isale harudishwi bila kusikilizwa. Hilo chuoni Dodoma hawakunifundisha, na sikuwepo, wala sikupaswa kuwepo. Baada ya miezi mitatu tumbo lilikuwa linauma Jumatatu mojamoja. Wazazi bado wanagombana, tena sana. Ila mtoto hasimami tena katikati.

Kwa hiyo unaposema nyumba ileile, mimi nakuuliza ni nyumba ipi. Kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, kuna nyumba ya bibi hatua kumi kutoka kwa baba, kuna baba mdogo ng'ambo ya mfereji, na huwa namtafuta mmoja tu kati ya hao anayeweza kukaza kidogo au kulegeza kidogo. Mtoto ndiye analetwa kwa sababu ndiye mwepesi kubebeka. Kazi ngumu ni huku mjini, Pasua na Majengo, chumba kimoja cha kupanga, mama peke yake, anauza sokoni Mbuyuni tangu alfajiri. Huko nimewahi kumwomba msaada mwalimu wa madrasa, na mara moja fundi cherehani wa barazani ambaye mtoto alikuwa anapenda kukaa naye. Mara nyingine simpati mtu yeyote, na mtoto anaacha kuja, na sijui iliishaje.

Kuna utafiti ambao utakutana nao ukienda kusoma, na mimi naurudia kila nikipata kiburi. Ulifanyika hapa Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na bado kifo kile kinawasumbua. Nusu walikaa kwenye vikundi kwa wiki 12, na walezi wao wakakaa kwenye vikundi vyao. Walioongoza walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, wala si madaktari. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Vikundi vilipomalizika tu, watoto wa vikundini Moshi mjini walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliobaki na huduma ya kawaida, na huko Kenya vilevile. Baada ya mwaka, Kenya tofauti bado ilikuwepo. Huku kwetu haikuwepo: waliokaa vikundini na ambao hawakukaa walikuwa wamepata nafuu karibu sawasawa.

Mwenzangu mmoja aliposoma hapo alisema basi tumepoteza muda. Mimi sisomi hivyo. Nadhani, na hili ni langu, usiliandike kwenye mtihani, kwamba kuna watu walikuwa wanawashika wale watoto huko nyumbani bila kujua kwamba wanatibu. Nao ndio hao watu walewale unaowalalamikia. Lakini mtoto anayelala na hofu hawezi kuambiwa subiri mwaka, mambo yatakaa sawa. Miezi kumi na miwili kwa mtu wa miaka 9 ni umri.

Ya mshahara sina haja ya kukuandikia, umekula humo tangu utotoni unajua chakula kilikuwa kinapungua lini. Kuhusu kubeba mizigo ya watu: utaibeba. Tafuta mapema mtu mzima kikazi wa kumweleza kila mwezi, mtu atakayekuambia "hapo ulikosea" kabla shavu la mtoto halijavimba. Mimi nilichelewa kumpata.

Mama yako anasema ukijaza fomu umwambie ada ni kiasi gani kabla hajauza kahawa, asije akauza halafu hela ikapata miguu. Nimekutumia mzigo kwa basi la kesho asubuhi, nenda stendi ya Magufuli ukauchukue jioni: ndizi mshare, parachichi, na lile kopo. Ndizi wagawie wenzako kabla hazijaiva. Kwenye kopo kimepungua kisoda kimoja. Siku ya mwisho yule mvulana wa tumbo aliniomba aondoke nacho, sikumwuliza ni cha nani.

Baba yako