Linga ya Rameswaram: Iliwekwa Kabla ya Vita au Baada Yake?

SWALI: Namaste Panditji. Nyumbani kwetu Mombasa tunasoma Ramcharitmanas, utenzi wa maisha ya Bwana Rama, na humo Rama anaisimamisha linga, yaani nguzo takatifu inayomwakilisha mungu Shiva, ufukweni kabla ya kuvuka bahari kwenda Lanka. Sasa ninajiandaa kumpeleka mama yangu hija ya Rameswaram, kusini mwa India, na jamaa waliokwisha kwenda wanasema linga hiyo iliwekwa baada ya vita, ili Rama atakasike na dhambi ya kumuua Ravana, mfalme wa Lanka. Ipi ni kweli? Na kwa nini mahujaji huiabudu kwanza linga ya Hanuman, mtumishi wa Rama mwenye umbo la nyani? Mama ni mzee; je, ni lazima aoge maji ya visima vyote vya hekaluni?

JIBU: Namaste, dada yangu. Masimulizi yote mawili yamo katika maandiko yetu, na jamaa zako hawakukupotosha. Tulsidas, aliyeitunga Ramcharitmanas katika karne ya 16, anasema Rama aliiweka linga kabla jeshi halijavuka, akatamka kwamba mtu anayempinga Shiva huku akijiita mja wa Rama hatampata Rama hata ndotoni. Wanayosimulia jamaa zako yanatoka katika Skanda Purana, kitabu cha kale cha masimulizi matakatifu, na ndiyo yanayofuatwa hekaluni. Humo Ravana, pamoja na uovu wake wote, anabaki kuwa mwana wa Vishrava mwenye hekima, Mbrahmani (mtu wa tabaka la makuhani) kwa nasaba, na kumuua Mbrahmani ni miongoni mwa dhambi zilizo nzito kabisa. Rama, ambaye ni mungu Vishnu mwenyewe, alikubali kuishi kama mwanadamu chini ya dharma, yaani sheria ya haki na wajibu, kwa hiyo hakujitafutia udhuru.

Alimtuma Hanuman mlima Kailasa, makao ya Shiva, akalete linga. Saa njema ilipokaribia kupita na Hanuman hajarudi, Sita, mke wa Rama, alifinyanga linga kwa mchanga wa ufukweni, na Rama akaisimamisha hiyo. Hanuman aliporejea na mzigo wake alihuzunika na kukasirika mno, akaona safari yake yote imekuwa bure. Rama alimruhusu aing'oe ile ya mchanga na kuweka yake. Huyu ndiye aliyewahi kuubeba mlima mzima wenye dawa. Aliizungushia mkia, akavuta kwa nguvu zake zote, isitikisike, naye akaanguka. Ndipo Rama akaagiza linga ya Hanuman iwekwe hapo pia, na kila mhujaji aanze kuiabudu hiyo kabla ya ile iliyowekwa kwa mkono wake mwenyewe. Nakusihi usilipite jambo hili haraka. Mtumishi aliyechelewa, na tena aliyekasirika mbele ya bwana wake, alipewa nafasi ya kwanza, na amri hiyo inatekelezwa hekaluni hadi leo kila siku ya ibada.

Kuhusu ipi ni kweli, Tulsidas mwenyewe amekwisha kujibu mwanzoni mwa kitabu chake, anaposema kwamba matendo ya Hari (yaani Vishnu) hutofautiana kutoka kalpa moja, yaani zama moja ya ulimwengu, hadi nyingine, na kwamba wenye hekima wameyaimba kwa namna nyingi, hivyo msikilizaji asiingiwe na shaka. Maoni yangu ni kwamba nyumbani msome Ramcharitmanas, au Manas kwa ufupi, kama ilivyo bila kuisahihisha, na mkifika Rameswaram mfuate utaratibu wa mahali. Tena masimulizi hayo hayagombani katika ibada: katika Manas hiyo hiyo Rama anamwahidi wokovu anayeleta maji ya mto Ganga na kuyamimina juu ya linga hii, na ndiyo desturi ya mahujaji, ambao wengine huchukua mchanga wa Rameswaram na kuupeleka Ganga. Mkiweza kupata maji hayo, yabebeni.

Sasa mama. Mahujaji huoga kwanza baharini, Agni Tirtham, kisha huzunguka visima 22 vilivyomo hekaluni wakiwa na nguo zilizolowa, huku wahudumu wakisimama ukingoni mwa kila kisima, wakivuta maji kwa ndoo na kuwamwagia kichwani. Sakafu huwa na utelezi, na mzunguko ni mrefu kwa miguu ya mzee. Dharma haimlazimishi mgonjwa wala mzee jambo lililo juu ya uwezo wake. Anyunyiziwe maji kidogo kichwani kwa nia safi, inatosha. Wewe oga visima vyote, ubadilishe nguo, maana waliolowa hawaruhusiwi kuingia patakatifu, halafu mwongoze mama kwenye linga ya Hanuman kwanza.