Mwuza kijitabu na namba 137

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa fizikia hapa Jinja. Nimesoma kwamba nguvu tatu za asili huungana kwenye nishati kubwa sana iwapo supasimetria (dhana kwamba kila chembe ina chembe mwenza) ni kweli. Sasa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kuna mzee anauza kijitabu kwa shilingi 15,000. Anasema ameziunganisha zote kwa namba 137 peke yake. Yawezekana?

JIBU: Haiwezekani, mwalimu mtarajiwa. Hicho sijakisoma, ila vya aina yake naletewa kila muhula, na vyote hujikwaa palepale: vinaichukulia 137 kama namba isiyobadilika.

Inabadilika. 137 inapima ukali wa sumakuumeme kwenye nishati ndogo (kadiri namba hii inavyopungua, nguvu huwa kali zaidi). Panda hadi 91 GeV (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), uzito wa chembe Z, mojawapo ya zinazobeba nguvu dhaifu, utapata kama 128. Utupu haukai mtupu: jozi za chembe huibuka kuizunguka chaji na kuifunika, nawe ukiikaribia kwa nishati kubwa unapenya kifuniko hicho. Ile iitwayo nguvu kali, inayoshikilia kiini cha atomu, huenda kinyume: kwa kuwa gluoni, chembe zinazoibeba, zenyewe zina chaji ya nguvu hiyo, inazidi kulegea. Tena sumakuumeme si mojawapo ya zile tatu, yaani nguvu kali, nguvu dhaifu (ya mionzi ya beta) na hipachaji. Ni mchanganyiko wa hipachaji na nguvu dhaifu.

Chukua karatasi ya grafu. Kwenye 91 GeV weka nukta tatu, namba za aina ileile ya 137: hipachaji 59 (kwa vipimo vya SU(5), nadharia ya kuziunganisha nguvu hizi), nguvu dhaifu 29.6, nguvu kali 8.5. Mlalo uwe logi ya nishati. Kwa chembe tunazozijua tu, mistari miwili ya kwanza inakatana karibu na 10¹³ GeV, kwenye 42 hivi, na wa tatu unapita chini, kwenye 37. Ongeza chembe za supasimetria, miinamo inabadilika, na yote mitatu inafika kama 24 karibu na 2×10¹⁶ GeV. Mistari miwili isiyo sambamba lazima ikatane mahali. Mtihani ni ule wa tatu. Ndiyo maana vipimo vya LEP, mashine ya kugonganisha chembe pale Geneva, viliwasisimua watu mwaka 1991.

Lakini kukutana huko ni dalili, si ushahidi. LHC, mashine iliyoirithi LEP, haijaona hata chembe moja ya supasimetria. SU(5) ya kwanza, ya Georgi na Glashow mwaka 1974, ilikuwa nzuri ajabu, ila ilitaka protoni ioze upesi kuliko majaribio yanavyoruhusu, ikaanguka. Leo Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 za maji chini ya mlima huko Japani, linaonyesha kwamba kwa njia ya kuoza kuwa positroni na pioni (chembe mbili nyepesi kuliko yenyewe), protoni huishi zaidi ya miaka 10³⁴. Nadharia ya muungano isiyokubali kupimwa namna hiyo siihesabu kuwa nadharia.

Linaloniuma ni vijana. Nimemwona mmoja, kichwa chake kizuri kabisa, akimaliza muhula mzima anazidisha pai na namba tasa hadi apate 137.036. Alipata. Ukiwa na namba za kutosha na subira, utaipata yoyote uitakayo, hata namba ya boda iliyokuleta chuoni. Mlinganyo wa jinsi namba hizi zinavyobadilika kadiri nishati inavyopanda, ulio kurasa chache tu, hakuwahi kuugusa.

Kabla hujatoa hizo 15,000, mwulize huyo mzee kwa heshima: 137 yako ni ya nishati gani, na protoni yako huishi miaka mingapi?