Ugumba ulimgundua nani?

SWALI: Mwalimu, naandika ikisiri ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Tuliufunza mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, kwa majalada ya kliniki ya uzazi, kisha tukachopoa humo kanuni za kimantiki ambazo daktari anaweza kuzisoma na kuzihoji. Niandike "wanawake waliogunduliwa na ugumba" au "waliogunduliwa na utasa"? – Mwanafunzi, Dodoma.

JIBU: Andika ugumba. Maneno yote mawili ni ya Kibantu: Waganda wana omugumba, Wakikuyu wana thata. Ila tasa huambiwa hata mbuzi, na binadamu akishaitwa hivyo ni kama kesi imefungwa. Ugumba umezoeleka hospitalini, kwa mke na kwa mume, na Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuanzia miezi 12 ya kujamiiana bila kinga pasipo mimba kutunga. Wengi hutibika.

Hilo limekwisha. Sasa hilo "waliogunduliwa na", ambalo hukuliuliza.

Ameumwa na nyoka: nani kauma? Nyoka. Ameibiwa na kijana: kijana ndiye mwizi. Amefiwa na mume: aliyekufa ni mume. Basi "amegunduliwa na ugumba", nani kagundua? Ugumba! Umevaa koti jeupe, umeagiza picha ya mirija ya uzazi, umesoma majibu ya homoni, ukamwita mama wa watu ofisini ukamwambia, "Nimekugundua." Daktari yuko wapi? Labda kaenda kunywa chai.

Usiniletee "ameshikwa na homa". Homa inashika kweli, hata mgonjwa mwenyewe atakuambia. Ugumba haumgundui mtu.

Na kwako wewe kosa hili ni zito kuliko kwa mwandishi wa gazeti, maana unashughulika na kanuni. Ulishe mtandao wako sentensi za Kiswahili safi, utachopoa hii: ikiwa kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na kinafuatwa na "na" pamoja na jina, basi jina hilo ndilo mtenda. Kanuni nzuri. Kisha ulishe ikisiri yako, nao utaorodhesha ugumba miongoni mwa madaktari bingwa. Mashine haitakuwa imekosea.

Tena "na" ina kazi nyingine humohumo katika kanuni zenu: "Ikiwa hedhi haina mpangilio na homoni ya projesteroni iko chini wiki moja kabla ya hedhi, basi huenda mayai hayapevuki." Hapo inaunganisha masharti, haina ugomvi na mtu. Usiitwike mzigo wa tatu.

Wapo wanaokimbilia "amegundulika na daktari". Huko ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi: kauli ya kutendeka haimtaji mtenda. "Amegundulika kuwa na ugumba" naimeza, kwa maji mengi, kwa sababu redio zote zimeshaipitisha na mimi nina umri wa kuchagua vita vyangu. Kwako ningependa "wanawake waliobainika kuwa na ugumba", au useme tu "wanawake ambao madaktari walibaini kuwa ni wagumba".

Nami nina swali. Majalada ya waume zao mliyaweka wapi? Mirija ikiwa wazi na mayai yanapevuka, mtandao usioona kipimo cha shahawa hautachopoa kanuni yoyote inayomhusu baba, na huyo mama ataendelea kubebeshwa jina peke yake.